Kupambana na magaidi kwa maneno: inasaidia au tunamaliza mate bure?

Kwenye huu mjadala kuna kambi mbili na zote zinajiamini kupita kiasi. Ya kwanza inasema vita na magaidi siku hizi ni vita ya propaganda, kwa hiyo serikali imwage hela kwenye video, hashtegi na vipindi vya redio, vijana watageuka. Ya pili inasema hayo ni maigizo, kijana anaingia msituni kwa sababu askari walimuonea, humrudishi kwa posti. Mi naona hawa wa pili wana hoja nzito zaidi ila kuna kitu wanakiruka.

Ushahidi wao si mdogo. 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa utafiti, waliongea na watu waliowahi kuwa ndani ya makundi ya Afrika kama Al-Shabaab na Boko Haram, na asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni kabisa ni kitendo cha serikali, mfano ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Sasa mchukue kijana ambaye kaka yake alibebwa usiku na hajaonekana tena, halafu mtumie video ya dakika mbili yenye muziki laini inayosema amani ni tunu. Atakuuliza swali moja tu, kaka yangu yuko wapi, na hiyo video haina jibu.

Marekani nao waliyaona. Mwishoni mwa 2013 wizara yao ya mambo ya nje ilifungua akaunti ya Kiingereza Twitter, Think Again Turn Away, kazi yake kubishana na mashabiki wa jihadi hukohuko mtandaoni. Ikawa vituko, yaani ofisi ya dola kubwa inarushiana maneno na mtu hata jina hana, na yule mtu anapanda chati kwa sababu kajibiwa na Washington. Wakiposti ukatili wa wale jamaa wanarudishiwa picha za Abu Ghraib, jela ya Iraq ambako askari wa Marekani waliwatesa wafungwa. Hoja yao ilikuwa sahihi mara nyingi tu, shida ni nani anayeisema.

Lakini sasa kunyamaza nako si dawa, na hapa ndo kambi ya pili inaporuka. Angalia shambulio la Al-Shabaab kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Al-Shabaab walikuwa wanatwiti shambulio likiwa bado linaendelea, akaunti ikifungwa wanafungua nyingine, na upande wa serikali wanatangaza hali imedhibitiwa huku milio ya risasi inasikika, washambuliaji wakatajwa kuwa kati ya 10 na 15, baadaye ikaonekana walikuwa wanne. Mtu wa kawaida angemwamini nani? Na ukishadanganya saa za mwanzo hata ukweli wako wa wiki ijayo utachekwa.

Mfano ambao kambi zote mbili zingefaa kuukalia chini ni kaskazini mwa Uganda. Mega FM ya Gulu ilikuwa na kipindi kinaitwa Dwog Cen Paco, maana yake rudi nyumbani, waliotoroka LRA, kundi la waasi la Joseph Kony lililokuwa linateka watoto, wanaingia studio, wanajitaja majina, wanawaita wenzao waliobaki porini, njooni, mimi nipo hai. Inaonekana kitu kidogo lakini makamanda walikuwa wanawaambia watoto kwamba ukirudi jeshi linakuua, kwa hiyo sauti ya mtu unayemjua, uliyekuwa naye porini, ilikuwa inavunja uongo mmoja maalum, haihubiri chochote. Halafu nyuma ya ile sauti kulikuwa na Sheria ya Msamaha ya 2000, iliyokuja kuwafikia zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali. Sheria bila redio, aliye porini angeijuaje? Na redio bila sheria ingekuwa mtego.

Linganisha na Kenya. Aprili 2015 baada ya shambulio la chuo kikuu Garissa, waziri akatangaza msamaha kwa waliojiunga na Al-Shabaab, wajisalimishe ndani ya siku 10. Siku 10! Mtu yuko Somalia anavizia upenyo wa kutoroka, na hakuna sheria maalum inayomlinda akishafika. Tangazo lenyewe lilikuwa zuri tu, hakukuwa na kitu cha kulibeba.

Ila msamaha una mwenyewe anayeulipia, naye ni mwathirika. Thomas Kwoyelo wa LRA alitekwa akiwa mtoto, akaja kuwa kamanda, akakamatwa 2009, akaomba msamaha akanyimwa, 2024 mahakama ikamtia hatiani na kumfunga miaka 40. Kwa familia zilizochinjiwa watu hiyo ni haki, na mimi siwezi kumwambia mama wa Acholi, kabila la huko kaskazini mwa Uganda, asamehe ili kipindi cha redio kiaminike. Lakini aliye porini anasikia kitu kingine kabisa, anasikia kwamba msamaha una orodha na hajui kama jina lake limo. Bora waseme wazi tangu mwanzo, wapiganaji wa kawaida rudini, makamanda mtaenda mahakamani. Hapo napo kuna gharama, maana kamanda anayejua kwamba yeye hamo ndiye mwenye bunduki na ndiye anayeamua nani asikilize redio.