Tangazo Lilibandikwa, Basi Mmeshirikishwa

Kuna tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata moja huku kwetu Mtwara, katikati ya ratiba ya ligi ya vijana na karatasi ya mtu aliyepoteza vyeti vya shule. Lina kurasa sita zilizobanwa kwa pini kwenye kona moja, kwa hiyo unachokiona ni ukurasa wa kwanza tu. Ukitaka wa pili inabidi uunyanyue, na ubao wenyewe uko nyuma ya wavu wa chuma. Kidole hakipiti. Ukurasa wa kwanza una nembo, jina la halmashauri, vifungu vya sheria vilivyotumika, na mwaliko kwa "wananchi wote" kutoa maoni juu ya rasimu ya marekebisho ya sheria ndogo za ada na ushuru. Tarehe ya mwisho ya kupokea maoni imeandikwa ukurasa wa sita.

Halmashauri siitaji. Kwanza sitaki kesi, pili wenzangu wa Lindi, Nachingwea na Newala wakisoma hapa kila mmoja ataapa nazungumzia ya kwao.

Wavu ningeusamehe. Kilichonipandisha mori ni jibu nililopewa nilipouliza mbona hakuna aliyewaeleza watu: "Tangazo lilibandikwa ndugu yangu. Wananchi wameshirikishwa." Limesemwa kwa upole kabisa, na aliyelisema ni mtu mzuri tu, hana ubaya. Ndiyo maana limeniuma zaidi. Kwake yeye kazi imekwisha pale pini ilipoingia kwenye ubao.

Niliomba nakala nikaipata, nakiri, bila usumbufu. Nikakaa nayo. Sasa someni wenyewe kipande hiki (tarakimu nimezibadilisha kidogo, nisije nikaitwa):

"Sheria Ndogo Kuu zinarekebishwa katika Jedwali la Kwanza, Sehemu ya Pili, kwa kufuta tarakimu 300 inayoonekana katika safu ya tatu ya kipengele cha 7(b) na kuweka badala yake tarakimu 500."

Ni Kiswahili hicho, tena fasaha, hakuna neno hata moja la kigeni. Lakini mniambie: nani ameongezewa nini? Kipengele cha 7(b) kinahusu nini? Rasimu haisemi, kwa sababu jibu liko kwenye Sheria Ndogo Kuu, yaani ile ya zamani inayorekebishwa, nayo haikubandikwa. Iko kwenye Gazeti la Serikali la miaka kadhaa nyuma, na nakala yake iko kabatini kwa mwanasheria wa halmashauri, ambaye siku hiyo alikuwa safarini Dodoma. Kurasa sita zote ziko hivyo. Futa hiki, weka kile, ongeza mara baada ya kile. Ni sawa na kumpa mtu kiraka bila kumwonyesha nguo, halafu ukamwomba maoni kama kinampendeza.

Watunga sheria watasema ndivyo sheria zinavyorekebishwa dunia nzima. Sawa. Najua. Hakimu anahitaji kujua ni neno gani hasa limetoka na lipi limeingia, na ukipindisha hapo utaleta balaa mahakamani. Sipingi rasimu kuandikwa hivyo. Napinga rasimu kubandikwa hivyo, peke yake, kana kwamba muuza samaki atakwenda nayo Mahakama ya Rufani. Karatasi moja mbele ya zile sita ingetosha, yenye maneno haya:

"Ushuru wa ndoo moja ya samaki sokoni utapanda kutoka shilingi 300 hadi 500. Hautaanza mpaka madiwani waupitishe, Waziri auidhinishe na utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kama una la kusema, mwandikie au mwone mtendaji wa kata kabla ya tarehe fulani. Asiyeweza kuandika ataandikiwa."

Basi. Hiyo ni kazi ya robo saa kwa mtu aliyeiandika rasimu mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua 7(b) ni nini. Mimi ilinila jioni nzima na bando la intaneti kuitafuta sheria ya zamani.

Nilikwenda nayo sokoni. Kuna mama mmoja nanunuaga kwake changu wa kukaanga, mtu wa maneno machache na mizani isiyodanganya. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamsomea kile kipande kama kilivyo. Akaendelea kugeuza samaki. Nikamsomea tafsiri yangu. Akasimama.

"Ndoo ipi, mwanangu?"

"Ndoo ya samaki, mama."

"Nakuuliza ndoo ipi. Ya lita kumi au ya lita ishirini? Kuna wenzangu hapa wanaleta dagaa kwenye ndoo za rangi, na kuna wanaoleta kwenye madumu yaliyokatwa. Wote mia tano?"

Nikarudi kwenye rasimu. Nikaenda kwenye sheria ya zamani. Hakuna. Hakuna popote palipoandikwa ndoo ni kubwa kiasi gani. Kwa miaka yote hiyo mkusanya ushuru mwenye mashine ya POS ndiye amekuwa akiamua ndoo ni nini kulingana na alivyoamka. Hilo ni tundu kwenye sheria, na limeonekana kwa sekunde kumi na mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la sheria, kwa sababu tu safari hii aliambiwa kwa maneno ya kawaida kinachozungumzwa. Mafuta yakaanza kutoa moshi, akarudi kwenye kazi yake.

Mnaniambia wananchi hawana uelewa? Wananchi hawana mwamko? Nimechoka na huo wimbo. Kila semina, kila warsha, mtu anasimama na chupa yake ya maji kusema changamoto ni uelewa mdogo wa jamii. Uelewa wa nani? Yule mama ana uelewa wa ndoo kuliko baraza zima. Aliyenyimwa kitu ni yeye, halafu anaandikwa kwenye taarifa kama changamoto.

Na haki hii hatuombi kwa hisani. Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaitaka halmashauri iwajulishe wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo kabla ya kuipitisha, ili mwenye pingamizi alete. Mwaka 2021 Bunge likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, nikashangilia, na bado nashangilia. Ila huku chini sheria ndogo nyingi zilikuwa kwa Kiswahili siku zote, na mmeona wenyewe zinavyosomeka.

Wala wazo la karatasi ya maelezo si la ajabu. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005 zinataka ripoti iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili. Wamarekani tangu 2010 wana sheria kabisa inayoziagiza ofisi za serikali ziandikie watu kwa lugha nyepesi (kanuni zenyewe waliziacha nje ya sheria hiyo, wajanja na wao). Sisi tunashindwa robo saa.

Halafu tukiamua, tunaweza. Tozo za miamala zilipoanza Julai 15, 2021, hakuna aliyebandika kipengele cha 7(b). Majedwali yalizunguka kwenye simu: ukituma kiasi hiki, unakatwa hiki. Bibi yangu kijijini alielewa siku ya kwanza, akakasirika siku ya kwanza, na kelele za watu kama yeye zilipofika juu, Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Pengine ndiyo sababu ubao uko nyuma ya wavu. Nasema pengine.

Kutokueleza kunaumiza hata pale serikali inapotoa unafuu. Bajeti ya 2017/18 iliondoa ushuru kwa mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Habari njema, si ndiyo? Ulizeni waliokuwa wanapita na magunia yao ya mihogo na ufuta kwenye vizuizi miezi iliyofuata ni wangapi walijua wana haki ya kupita bure. Mgambo alijua, lakini si kazi yake kukuhubiria. Mwaka huo huo, Agosti, India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi zitakazoingia kwao kwa mwaka, na bei huku ikaporomoka. Wengi tulijua sababu baada ya kwenda na mzigo sokoni. Delhi haituombi maoni, najua, ila na huku hakuna aliyepita kutuambia.

Kwenye korosho sigusi sana, maana nikianza na makato sitalala. Nitasema tu kwamba mkulima anayeletewa karatasi ya malipo yenye makato chungu nzima anastahili kuelezwa kila kato limeanzishwa na kanuni gani na lilijadiliwa wapi, na "kwenye mkutano wa wadau" si jibu, kwa sababu mdau aliyekatwa hakuwepo ukumbini.

Sasa ngoja niseme jambo moja bila mzaha. Mji huu unajua gharama ya watu kuelezwa baadaye. Mei 22, 2013, bajeti ya Nishati na Madini ilipokuwa ikisomwa Dodoma, Mtwara iliwaka. Watu walikufa. Nyumba na ofisi zilichomwa. Swali lililokuwa mitaani halikuhitaji mtaalamu: gesi ikitolewa Mnazi Bay ikapelekwa Dar es Salaam, hapa kinabaki nini? Sitasema kwamba karatasi ya maelezo kwa lugha nyepesi ingezima moto ule, kulikuwa na mengi, na baadhi yake yalikuwa siasa tupu. Lakini nakumbuka majibu yalikuja kwa hotuba, na yalikuja wakati watu wameshajipatia majibu yao wenyewe. Leo Lindi wanasubiri mradi wa gesi asilia wa Likong'o. Matangazo yatakuja mengi: ardhi, fidia, mazingira, bahari. Mtayabandika nyuma ya wavu?

Najua utetezi. Mtendaji mmoja ana vijiji au mitaa mingi, hana mafuta ya pikipiki, hana hata wino wa printa. Kweli. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, akidi haitimii, watu wako shambani au kwenye pombe ya kangara. Kweli pia, inauma lakini kweli. Na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakitaka kubadilisha bei ya maji hufanya mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni, watu wanauliza maswali kwa mdomo na baraza la watumiaji linakuwepo. Nawapa hiyo. Ila hakuna anayedai ukumbi na viti vya plastiki. Msomeni tangazo msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani kabla ya sadaka, kwenye mnada wa korosho watu wakiwa wamejaa, na kwenye redio zetu za huku ambazo asubuhi nzima zinasoma salamu.

Kitu cha mwisho, nacho kinanikera karibu sawa na 7(b): maoni yakishatolewa yanakwenda wapi? Hujibiwi. Hakuna siku utakuta ubaoni karatasi inayosema tulipokea maoni haya, haya tumeyakubali, haya tumeyakataa kwa sababu hii. Ukitaka kujua, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, nayo inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kukujibu. Hesabuni wenyewe: muda wa maoni wiki mbili, muda wa kukujibu siku 30. Utajibiwa sheria ikiwa imeshapita.

Kwa hiyo mpaka hapo watakapobadilika, fanyeni hivi. Tangazo mkilikuta, anzeni nyuma: tarehe ya mwisho na mahali pa kupeleka maoni viko mwishoni. Kisha rukeni moja kwa moja kwenye jedwali, hela ziko huko. Ombeni sheria inayorekebishwa, msikubali marekebisho peke yake. Andikeni barua hata ya mistari minne, nakala mbili, na ile inayobaki kwenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila muhuri, keshokutwa mtaambiwa hakuna aliyeleta pingamizi, na hamtakuwa na pa kushika.

Barua ya ndoo imeshapelekwa. Imesainiwa na wachuuzi kumi na tisa, wanne kwa dole gumba, na muhuri upo. Rasimu sasa inakwenda baraza la madiwani, na kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kukaa akasikiliza. Tumekodi bajaji. Nafasi moja bado ipo, na mwenye soko lake anayejua kupima ndoo apewe kipaumbele.