Elfu Kumi ya Kijana wa Ngozi

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, tulikuwa tunashuka kutoka Ziwa Ngozi, lile la kreta kule Rungwe, tukakutana na familia inapanda. Mama kabeba mtoto mgongoni, binti wa kama miaka tisa yuko na kandambili. Kijana aliyekuwa anatuongoza akawasalimia, akawaambia ukungu unashuka, awaongoze kwa elfu kumi. Baba akamjibu, "Dogo, njia si inaonekana? Elfu kumi ya nini, kutembea tu?"

Hasira haijaniisha mpaka leo.

Mimi ni wa Mbeya, mlima Loleza nauona nikifungua dirisha. Mgeni akiniuliza aanzie wapi, namwambia siku ya kwanza usipande mlima wowote. Jiji lenyewe liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Aliyefika jana kutoka Dar atahema kwa kutembea tu kutoka Mafiati kwenda Sokomatola. Sweta usiache, Juni na Julai baridi ya huku inauma. Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800, anza alfajiri. Machi hadi Mei msitu wa Ngozi ni tope tupu, subiri ukauke. Kwenda Ngozi panda gari za Tukuyu pale stendi ya Nane Nane, mwambie konda akushushe njia ya ziwani, bodaboda ikufikishe msituni.

Ila kiongozi, ndugu zangu, mlipeni.

Mle ndani njia zinagawanyika kila mara, nyingine ni za wakata kuni tu. Mwisho kabisa mnapanda kwa kushika mizizi, halafu ghafla uko ukingoni na maji yako chini kabisa, ukuta umesimama wima. Ukungu ukitanda huoni ukingo unaishia wapi. Siku hiyo nilikwenda na shangazi yangu, ana miaka 58 na goti bovu. Kijana alimkatia fimbo ya mwanzi. Kila palipoteleza alitangulia, akachimba kijishimo kwa kisigino, akamwambia, "Mama, weka mguu hapa." Hivyo hivyo, kwenda na kurudi, zaidi ya saa tatu. Hicho ndicho baba yule alichokiita kutembea tu.

Wapo wanaotaja bei kwa kuangalia viatu vyako, hilo sibishi, limenikuta hata mimi. Kubalianeni kijijini kabla hamjapiga hatua, chukua namba yake ya simu, basi. Lakini mtu aliyelipa nauli ya familia nzima kutoka mbali, akalala hotelini, kuanza kumnyima mtoto wa Rungwe elfu kumi mlangoni mwa msitu alimokulia, mimi sielewi. Inaniuma kweli.

Tulipofika chini tulimlipa. Hakuondoka. Alikuwa anatazama juu, ukungu umeshameza miti yote, akasema, "Yule mtoto ana kandambili." Akarudi. Shangazi akakataa tusiondoke, tukakaa kwa mama muuza chai tukisubiri.

Giza lilishaingia tulipoona mwanga wa simu kati ya miti. Kijana alikuwa mbele, binti mgongoni kwake amelala, mguu mmoja mtupu una matope hadi gotini. Shangazi akavua kanga yake akamfunika mtoto. Baba alikuwa nyuma kabisa, kimya, ameshika fimbo ya mwanzi.