Mama mkwe, Boxer na bomba la robo tatu

Mama mkwe alikuja kutusalimia hapa Kivule, afu kila Jumapili anataka kanisani Kitunda, na usafiri wa nyumbani ni mmoja tu, pikipiki yangu Boxer 150. Wenye wakwe mnaelewa. Mama anakaa kule mwisho wa siti, kashika keria kwa mikono miwili, katikati yetu debe la mkaa linaenea. Shida ni shokapu za mbele, springi zimechoka, ukigusa breki pikipiki inazama pua chini na mama wa watu anateleza siti nzima mpaka mgongoni kwangu. Anasema "samahani baba", mi nasema "usijali mama", anarudi nyuma, shimo lingine, tunaanza upya. Yaani tunafika kanisani tumeshatubu njiani.

Shemeji yangu ni fundi bomba. Akasema hiyo ndogo, unakata kipande cha bomba la plastiki, lile la inchi robo tatu, unakiweka juu ya springi, ukifunga nati ya juu springi inakuwa imeshabanwa toka mwanzo, haizami hovyo. Na hapo hakudanganya, hiyo kitu watu wanaifanya kweli, ila wenzetu wanakata sentimita chache tena kwa rula. Shemeji alipima kwa kiganja.

Jumamosi tukaiegemeza injini juu ya kreti la bia, tairi ya mbele inaning'inia, nikaanza kufungua nati ya shokapu, uso uko juu yake maana nataka kuona. Uzi wa mwisho ukaachia. Springi iliirusha ile nati ikanipita sikioni, ikagonga bati paa! ikarudi ikatumbukia kwenye karai la dagaa la jirani. Jirani kaja nayo mkononi, hajasema neno, kaiweka juu ya kreti, kaondoka. Tulivyomwaga oili ya zamani ndo tukajua dagaa walikuwa na nafuu, ile harufu mpaka kuku walihama uani.

Sasa oili mpya. Kumbe kila mguu wa shokapu unataka oili isiyojaza hata chupa ya soda, na lazima juu ibaki hewa, maana oili haibonyei, hewa ndo inabonyea. Hayo nimekuja kuambiwa Jumatatu. Siku ile shemeji alishika galoni la oili ya injini, 20W-50, akamimina mpaka mdomoni, kisa fundi bomba hawezi kuona bomba halijajaa akalala usingizi.

Na kwenye breki ilipona jamani, tuseme ukweli. Haizami kwenye breki, haizami kwenye shimo, haizami popote, ngumu kama nguzo ya umeme.

Tuta la kwanza Jumapili, mama alipaa. Nasema alipaa, nimeangalia kwenye kioo nikaona siti tupu. Alivyoshuka hakushukia kule kwenye keria, alitua mgongoni kwangu, mkono mmoja shingoni, mwingine kanikandamiza kifuani na Biblia. Tuta la pili sili zote mbili, zile raba za kuzuia oili isitoke kwenye shokapu, zikapasuka, oili ikaruka mpaka kwenye viatu vya kanisani. Nikataka kusimama, nasikia sikioni kwa sauti ndogo, "Baba, twende tu, nikiachia nakufa." Tukapita kijiweni hivohivo tumekumbatiana, vijana wa boda wakasimama kunipongeza, "Braza hongera! Bi mkubwa anakupenda huyo!"

Kurudi alipanda bajaji.

Jumatatu fundi akavuta vile vipande vya bomba akavisimamisha kwenye benchi, kimoja kirefu kuliko mwenzake, akauliza nani kapima. Nikampigia shemeji. Hakuuliza mama yake anaendeleaje, aliuliza vipande vimepasuka au vizima, maana kuna sinki la mteja Ukonga linavisubiri.