Pengo kwenye data: programu isimame au iendelee?

Chukua mstari mmoja wa faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma) la wagonjwa wa kliniki: `Asha,,Temeke,`. Safu ni nne: jina, simu, wilaya, barua pepe. Simu haipo, barua pepe haipo. Ukiukata kwa koma katika Python utapata vipande vinne, viwili vitupu. Katika Java, `split(",")` ya kawaida itakupa vitatu tu, kwani hutupa vipande vitupu vya mwishoni. Ukiandika `split(",", -1)` ndipo vyote hubaki.

Wapo wanaoshikilia kwamba programu isisimame kwa pengo dogo: weka thamani mbadala, songa mbele. Nawaelewa. Faili likiwa na mistari laki moja, kazi nzima kukwama kwa sababu ya mmoja ni kuwaumiza wengine wote. Hata pandas, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali, hufuata njia hiyo: ukiita `str.split` kwenye safu, palipo na NaN (alama yake ya thamani isiyopo) hubaki NaN, maandishi mengine yakakatwa. Lakini angalia, pengo halikufutwa. Bado linaonekana.

Wengine wanataka hitilafu ipigwe papo hapo. Python ikikutana na `None.split("/")`, yaani kukata `None` (hakuna thamani) kana kwamba ni maandishi, hugoma kwa hitilafu iitwayo AttributeError, na wengi huona ni usumbufu. Mimi naogopa zaidi dawa ya haraka inayowekwa hapo. Tuseme mtu huweza kuandika namba mbili za simu, zikitenganishwa kwa mkwaju. Anayekwepa hitilafu huandika `(simu or "").split("/")`. Kimya kinapatikana, ila jibu ni `['']`, orodha yenye kitu kimoja, nacho kitupu. Ukihesabu namba, Asha ana moja! Ripoti itatoka safi, na kosa litajulikana siku ujumbe wa kliniki unapokosa pa kwenda. Ajabu, `"".split()` bila kitenganishi hurudisha orodha isiyo na kitu kabisa.

Kwangu, ukali ukae mlangoni. Mstari usio na vipande vinne uwekwe kando pamoja na namba yake, mingine iendelee. Baada ya hapo, `simu.split("/") if simu else []` inatosha: Asha atahesabiwa namba sifuri. Kistari (-) cha kumwonyesha msomaji kwamba namba "haipo" kiachiwe ukurasa wa kuonyesha. Kisiandikwe ndani ya hifadhidata, maana kesho kuna atakayekikata kama namba.