Johns, Lewis au Gasnier? Sheria hazikuwa zile zile

Mwandishi wa orodha ya wachezaji bora wa raga ya wachezaji 13 Australia amempa Andrew Johns namba moja, Wally Lewis namba mbili, halafu Reg Gasnier kamtupa huko chini eti pointi zake ni chache. Jamani! Gasnier alicheza klabu ya St George enzi ambazo trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ilikuwa pointi 3. Hizi 4 zilianza 1983. Isitoshe, mpaka 1967 raga hiyo kule Australia haikuwa na kikomo cha mara ambazo timu yenye mpira inaweza kuangushwa kabla ya kuupoteza. Timu ikiulinda mpira vizuri, wapinzani waliweza kukaa dakika nzima na zaidi bila kuugusa. Leo ukiangushwa mara ya sita unaukabidhi, kwa hiyo karibu kila shambulizi linaishia kwenye teke, na hapo ndipo Johns alipokuwa mfalme. Huwezi kuchukua kipimo cha mateke ukampimia mtu wa 1960.

Na wachezaji wa enzi za Gasnier walikuwa na kazi zao za mchana, mazoezi jioni. St George hiyo hiyo ilibeba ubingwa mara 11 mfululizo, 1956 hadi 1966.

Mimi kura yangu ni kwa Lewis. Tuzo 8 za mchezaji bora wa mechi kwenye State of Origin (mechi za kila mwaka kati ya Queensland na New South Wales), hakuna aliyemfikia. Wanaosema angeachwa na kasi ya sasa wanasahau kwamba angezaliwa leo naye angepata makocha, madaktari na lishe ya leo.

Halafu Johnathan Thurston, mwenye medali 4 za Dally M (tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa ligi), mmemsahau kabisa au?