Wageni duniani sawa, ila mkaa tuuache kweli?

Mvua ikichelewa tu utasikia watu wanasema hapa duniani sisi wageni jamani, tuwe na adabu, tushukuru. Mi sina ubishi na hilo, ila likifika jikoni linakuwa gumu, maana mgeni anayeonekana hana adabu ni huyu anayepikia mkaa, na mara nyingi ndo hana hela.

Wanaotaka mkaa ufe wana hoja nzito. Takwimu za serikali zinasema Tanzania inapoteza misitu kama hekta 469,000 kwa mwaka, halafu kuna moshi, nani asiyemjua mama anayekohoa jikoni? Ndo maana mkakati wa mwaka 2024 unataka ifike 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi, yaani gesi, umeme na kadhalika.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2006 mkaa ulishapigwa marufuku, haikupita hata mwezi ikaondolewa, maana watu walikuwa hawana cha kupikia. Na mpaka leo mkaa unanunua hata wa buku ukapika ukala, mtungi wa gesi ukiisha unatakiwa utoe hela yote kwa mkupuo, we unaishi kwa kibarua cha siku utaitoa wapi? Halafu hiyo gesi ya mtungi inaletwa na meli, sio ile ya Songosongo inayochimbwa hapa hapa nchini, kwahiyo tunaacha kula kwa mwenyeji huyu tunaenda kula kwa mwingine hatumuoni.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mkaa sio mkosaji mkuu. Msitu mwingi unafyekwa kwa ajili ya mashamba, mahindi, ufuta, na shamba likishang'olewa visiki ndo basi tena. Kule Kilosa, Morogoro, kuna vijiji vilipanga msitu wao vipande vipande kama ubao wa drafti, unakata kipande kimoja unaruka cha jirani, ulichokata unakiacha miaka 24, na miti ya miombo ukiacha kisiki inachipua yenyewe. Ushuru unabaki kijijini unajenga madarasa. Kijiji kinachopata hela kwenye msitu hakina haraka ya kuugeuza shamba, mi kwangu huyo ndo mgeni mstaarabu, anakula ila anajua kuna wengine hawajala.

Sikatai, utaratibu huo una shida zake. Ule mkaa wa magendo unaopita usiku kwa bodaboda haulipi ushuru, unauzwa rahisi, wale wa utaratibu wanabaki wameduwaa na magunia yao. Na msimamizi akilegea hiyo miaka 24 inakuwa 5.

Kwahiyo mi naona shule na magereza waende gesi hata kesho, ila mwanakijiji umpangie akate wapi, usimfukuze. Mjini nako tusijidanganye, jirani yangu mtungi anao, anachemshia chai, maharage bado yako kwenye mkaa.