Santuri ya Kwanza ya Queen na Mahakimu Wasioitwa

Mtu akikaa Mji Mkongwe wa Zanzibar na akawa na bahati mbaya ya kupenda muziki wa roki, basi ajue kwamba hatapata nafasi ya kuupenda kwa amani, kwa sababu hapa kila mtu anamhesabu Freddie Mercury kuwa ni jamaa yake wa karibu, na kwa ujamaa huo anajiona amepewa mamlaka ya kutoa hukumu juu ya kila alichokiimba. Kwamba alizaliwa hapa mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, kwamba alipelekwa skuli ya bweni India akiwa bado mdogo, na kwamba mwaka 1964 familia yake ilihamia Uingereza, hayo hayana ubishi, na makumbusho yake yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019 yanayaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Ubishi unaanza pale inapotajwa santuri ya kwanza ya kundi lake la Queen, iliyotoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973, ambayo mimi naipenda kuliko zote zilizoifuata, na ambayo mtaa wangu mzima una rai thabiti juu yake, hasa wale ambao hawajapata kuisikia.

Nianze na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hufika kwangu kila Ijumaa baada ya sala kwa nia ya kula wali na kunielimisha. Yeye anashikilia kwamba santuri ile ilipotoka dunia nzima ilisimama. "Shemeji, nyota njema huonekana asubuhi," huniambia huku akichagua vipande vya nyama vilivyo upande wangu wa sinia. Nimemweleza kwa adabu zote kwamba asubuhi ya nyota hiyo ilikuwa na mawingu mazito: kwamba wimbo wa "Keep Yourself Alive", uliotangulizwa wiki moja kabla ya albamu, haukuingia kabisa katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa, kwamba BBC Radio 1 iliukataa zaidi ya mara moja, na kwamba albamu yenyewe haikuonekana katika orodha ya Uingereza mpaka mwaka 1974, baada ya albamu ya pili kuivuta mkono, nayo ikaishia nafasi ya 24. Marekani ilifika nafasi ya 83. Shemeji alitafuna, akameza, akasema kwamba takwimu hizo ni husuda ya Wazungu.

Ninachojiuliza ni hiki: hayo maoni ya wasikilizaji wa mwaka 1973, ambayo kila mtu hapa anayanukuu kwa kujiamini, yalitoka wapi, iwapo wasikilizaji wenyewe walikuwa wachache kiasi hicho? Katika kipindi cha televisheni cha BBC kilichoitwa The Old Grey Whistle Test, "Keep Yourself Alive" ulipigwa kutoka katika sahani iliyofika studio ikiwa na lebo nyeupe isiyo na jina, na kwa kuwa watayarishaji hawakujua wamwoneshe nani, wakaweka filamu ya zamani ya katuni yenye garimoshi. Hivyo ndivyo kundi hili lilivyotambulishwa kwa watazamaji wake: kwa picha ya treni. Mimi napenda sana habari hiyo, na nimeisimulia barazani mara nyingi kiasi kwamba muuza kahawa sasa huinua mkono kunizuia nikifika kwenye neno "lebo".

Wachambuzi wenyewe hawakukubaliana. Jarida la Rolling Stone la Marekani liliisifu. Vitabu vya historia ya kundi hilo, kwa upande wao, husimulia kwamba mwandishi mmoja wa gazeti la New Musical Express la London aliifananisha na ndoo ya mkojo, na hapo ndipo penye uchungu wangu, kwa maana katika yote niliyoyaeleza barazani kwa ustadi na subira, hilo ndilo pekee lililokumbukwa. Watoto wa mtaa hawajui wimbo hata mmoja wa albamu ile, lakini nikipita na spika yangu ndogo mkononi husikia mmoja akimwuliza mwenziwe kama mzee leo amebeba ndoo.

Wanaoitukana wana afadhali kuliko wanaoisifu kwa huruma. Yuko mwalimu mstaafu mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye shikamoo yangu huipokea kwa kutikisa kichwa tu, aliyeniomba nimsikilizishe albamu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilifurahi, nikafunga madirisha, nikaweka wimbo wa kwanza, ambamo gitaa la Brian May huingia peke yake, likikwaruza mapigo mafupi huku sauti yake ikizungukazunguka, kabla ya ngoma kulidaka na kila mtu kuanza kukimbia. Maalim alisikiliza akiwa amefumba macho, nami nikadhani amezama. Ilipokwisha albamu nzima akafumbua macho, akasema kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani: "Si mbaya kwa mazoezi, lakini mbona 'Bohemian Rhapsody' haumo?" Nilimjibu kwamba wimbo huo ulitoka mwaka 1975, katika albamu ya nne. Akafikiri, kisha akasema kwamba wangeutoa mapema wasingehangaika.

Na huyu si peke yake. Karibu kila msikilizaji ninayekutana naye huipima santuri ile kwa vitu ambavyo mwaka 1973 vilikuwa havijakuwapo. Akisikia sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka katika "My Fairy King", ambamo Mercury anapiga piano na mpiga ngoma Roger Taylor anapandisha sauti mpaka mbwa wa jirani wanajibu, hasemi kwamba pale pana kitu kizuri. Husema kwamba hapo walikuwa wanajaribu yatakayokuja. Akisikia "Son and Daughter", unaokwenda polepole na kwa uzito mpaka glasi kwenye kabati zinagongana, husema kwamba bado walikuwa hawajajijua. Lakini msikilizaji wa wakati ule hakuwa na habari ya yatakayokuja, naye alitoa fedha yake kwa ajili ya albamu hiyo hiyo moja iliyo mbele yake. Mbona hakuna anayejaribu kuisikiliza kwa masikio ya mtu yule?

Kisha kuna mpwa wangu, ambaye huongoza watalii na ambaye ameingiza sebule yangu katika ratiba yake bila kuniuliza. Akishawaonesha wageni nyumba za Shangani na kuwazungusha vichochoroni, huwaleta kwangu na kunitangaza kuwa mjomba wake ni mtaalamu. Mmoja wa wageni hao, bwana wa makamo kutoka Uingereza aliyevaa fulana yenye nembo ya Queen, alikunywa kahawa yangu, akala haluwa iliyokuwa imewekewa wageni wa harusi, kisha akanihutubia kwa muda mrefu kuhusu ngoma. Rai yake ilikuwa kwamba albamu ile haisikiliziki kwa sababu ngoma zake zimekauka na zinasikika zikitoka ndani ya sanduku, na kwamba mtu mwenye masikio hana budi kuitupa ile ya zamani na kununua toleo lililotengenezwa upya na kutolewa Oktoba 2024 kwa jina la "Queen I".

Katika jambo la ngoma, na hili nalisema bila furaha, bwana yule alikuwa na hoja. Queen hawakuwa na fedha ya kukodi studio. Kampuni iliyowasimamia ilikuwa na studio yake, Trident, iliyokuwapo Soho katikati ya London, na ikawaruhusu kurekodi katika saa ambazo wateja wanaolipa hawazihitaji, ambazo mara nyingi zilikuwa saa za usiku wa manane. Mtu akirekodi kwa mtindo huo hupokea sauti ya ngoma atakayopewa, na sauti waliyopewa hawakuipenda tangu siku ile. Wimbo mmoja, "The Night Comes Down", hata haukurekodiwa hapo. Walichukua ule waliokuwa wameurekodi mapema katika studio nyingine, ya De Lane Lea, kwa sababu uliwaridhisha zaidi. Juu ya hayo, kazi ilipokuwa tayari ilibidi isubiri kampuni ya kuitoa, na miezi ikapita. Ndiyo maana nusu karne baadaye waliobaki wamerudi kuzisawazisha ngoma, magitaa na sauti ziwe zile walizozitaka, na wakaurudisha katika mpangilio wimbo wa "Mad the Swine" uliokuwa umeachwa nje.

Naelewa yote hayo. Nisichoelewa ni kwa nini wapenzi wa albamu ile sasa wamegawanyika mapande mawili yasiyosalimiana, wengine wakiapa kwamba toleo jipya limeondoa vumbi lililotuziba masikio kwa miaka hamsini, na wengine wakilia kwamba vumbi lile ndilo lililokuwa na utamu wenyewe. Mimi nimeyasikiliza matoleo yote mawili kwa bando lililonilazimu kuahirisha kununua kilo ya pweza. Lile jipya ni safi, ngoma zinapumua, na "Liar", ambao unazidi dakika sita na una mageuko mengi kuliko kesi ya ardhi, sasa unaeleweka nani anafanya nini. Hata hivyo narudi kwenye lile la zamani, kwa sababu nikisikia ngoma zile zilizobanwa nawaona vijana wanne waliokosa usingizi, wanaopiga haraka kabla hawajaambiwa watoke. Bwana wa fulana nilipomweleza hivyo alimgeukia mpwa wangu akauliza kama kuna mtaalamu mwingine.

Lakini aliyenichosha kuliko wote ni Bi Mkubwa anayekaa ghorofa ya juu yangu. Nyumba za mji huu, kuta zake ni nene za mawe na chokaa, ila dari ni boriti na mbao zenye nyufa, kwa hiyo kila ninachopiga mimi yeye hukisikia kabla yangu. Ni mpenzi mkubwa wa taarab, na rai yake ya jumla kuhusu albamu ile ni kwamba ni pilau iliyopikwa na watu wanne, kila mmoja akatia bizari yake mwenziwe alipotoka. Mimi nilikubali kimoyomoyo kwamba huo ndio uchambuzi bora niliousikia, kwani kweli mle ndani mna wachawi, panya wafalme, magitaa ya Kihispania na nyimbo zinazoanza kwa upole kama "Doing All Right" kisha zikamrukia msikilizaji.

Tatizo lilitokea siku ulipofika wimbo uitwao "Jesus", nao una kiitikio ambacho hata mtu asiyejua Kiingereza hulisikia vizuri jina linalotajwa, na ilikuwa inakaribia magharibi. Bi Mkubwa aliteremka ngazi taratibu, akabisha hodi, akakaa, akaulizia afya ya mke wangu, ya watoto, ya mama mkwe, na ya mbuzi tuliyekwisha kumchinja Idi iliyopita. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu, lakini kama umeamua kubatizwa, tungepewa habari mapema." Nilimweleza kwamba mwandishi na mwimbaji wa wimbo ule alitoka katika familia ya Kiparsi, watu wa dini ya Zoroasta, aliyezaliwa papa hapa na kusomeshwa katika skuli ya Kianglikana huko India, na kwamba anayeupiga sasa hivi ni mimi, Mwislamu, niliyeketi kusubiri adhana. Bi Mkubwa alizitafakari dini hizo zote kwa zamu, akasimama, akaniambia nipunguze sauti.

Wapo pia wanaobishania vyombo. Kwenye jalada la albamu ile liliandikwa neno la kutangaza kwamba hakuna mtu aliyepiga sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti, maana wasikilizaji wangeweza kudhani milio ile ya ajabu ni ya mitambo, kumbe ni gitaa ambalo Brian May na baba yake walilitengeneza wenyewe nyumbani, shingo yake ikitokana na mbao ya meko ya kale, na ambalo hulipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Fundi redio wa Darajani amesomewa maandishi hayo. Amesema wanadanganya, na kwamba yeye ametengeneza vinanda vingi, hivyo asifundishwe kazi.

Ijumaa iliyopita shemeji, baada ya kushiba, alitamka kwamba yuko tayari kuisikiliza albamu yote ili anionyeshe ilipokosea. Akavumilia. Hata alitikisa mguu kwenye "Modern Times Rock 'n' Roll", ingawa pengine ni kwa kuwa haufiki dakika mbili. Hatimaye ukaingia wimbo wa mwisho, "Seven Seas of Rhye", ambao katika albamu hii ni kipande kifupi tu kisicho na maneno, kinachoanza kwa piano inayotiririka, kikachangamka, kisha kikafifia na kupotea kabla mtu hajakaa sawa. Wimbo kamili wenye maneno waliuweka katika albamu ya pili, nao ndio uliowafikisha katika kumi bora za Uingereza mwaka 1974. Nilivuta pumzi ili nimweleze hayo. Shemeji alikuwa amekwisha kusimama, akavaa makubadhi, akatoka nje kuangalia mita, na kutoka barazani nikamsikia akimpigia kelele dada yake kwamba yuniti zipo, ila redio ya mumewe imekufa.